Msumari wa Nne

Mtu akikiri kosa upesi kuliko anavyomaliza chai yake, mpelelezi mwenye akili humwongezea sukari na kuanza upya. Sajini alisukuma kikombe cha pili mbele ya dereva, akaketi, akavua viatu chini ya meza kwa sababu vilikuwa vipya na vilikuwa vinamla vidole.

"Andika ni mimi," dereva alisema. "Mwenzako ameshaandika jana, nikaweka dole gumba. Unataka nini tena?"

"Nataka kuelewa."

"Kuna cha kuelewa hapo? Nimeiba lori. Wezi wanaiba."

Hapakuwa na kesi nyepesi kama ile pale kituoni, na ndiyo maana haikumwingia Sajini akilini. Lori lenyewe lilikuwa kuukuu la shamba: la babu, likarithiwa na baba, na baba alipofariki miezi mitano nyuma likawa la mtoto. Kwa jinsi lilivyokuwa likiwaka, familia ilikuwa imelibatiza Kikohozi. Alfajiri ya Jumatatu banda lilikutwa tupu. Siku moja kabla, mtoto huyo, ambaye wafanyakazi wote humwita Bosi, alikuwa amekubaliana na mnunuzi wa chuma chakavu aje Alhamisi na mtungi wa gesi alikate vipande. Dereva akasema mbele ya watu kwamba atakayelikata aanze na yeye. Miaka na miaka alikuwa ameushika usukani wake. Walimwita Mzee Breki, kwa kuwa breki za lori zilikuwa za kubahatisha na za kweli zilikuwa kichwani mwake.

Mnunuzi alishahojiwa Jumanne, akacheka mpaka akashika ukuta. "Niibe kitu ambacho Alhamisi napewa kwa mikono miwili?" aliuliza, na Sajini akaona swali hilo halina jibu. Alibaki Mzee Breki peke yake. Saa nane mchana angepelekwa mahakamani. Akirudia kule aliyoyasema hapa, mtu anayekaribia miaka sitini angeingia gerezani kwa kosa ambalo Sajini hakuamini hata kidogo kwamba ni lake.

"Nieleze ulivyolitoa bandani," alisema.

"Kama kawaida. Stata ilikufa zamani, kwa hiyo lori linaegeshwa likitazama bondeni, na gurudumu la mbele lina kabari, kigogo cha mbao hivi. Unavuta breki ya mkono, unatoa kabari, unapanda, unaachia. Linateremka lenyewe kimya kimya. Likifika getini unaachia klachi, linawaka. Kosea mteremko, umelala njiani."

"Halafu kabari ukaiweka wapi?"

"Niliitupa."

"Wapi?"

"Hapo hapo chini. Mwizi ana muda wa kupanga vitu?"

"Na lori liko wapi?"

"Nimeliuza."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu."

"Mtu wa wapi?"

"Wa mbali."

Sajini aliweka kalamu chini. "Mzee Breki, hujui kudanganya. Mjukuu wangu ana miaka minne na anakushinda."

Mzee Breki alitabasamu kidogo, akakizungusha kikombe mezani. Kisha akauliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini. "Mama amejua kwamba niko huku?"

"Mama yako?"

"Mama wa pale nyumbani. Mamake Bosi."

"Sijui. Kwani?"

"Asijue, Sajini. Nakuomba hilo tu."

Alipoinuka kurudishwa mahabusu ilibidi ainame mlangoni, maana alikuwa mrefu kama nguzo ya simu. Sajini aliandika kwenye daftari lake maneno mawili, kabari na mama, akavaa viatu vyake vya mateso na kuondoka. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Bosi alimpokea kwenye ngazi za nyumba, simu mkononi. Alikuwa mtu wa arobaini na kitu, mwenye haraka ya watu ambao kila siku wanahisi siku imewaacha.

"Mtu amekiri, Sajini. Mnarudi kufanya nini?"

"Kukiri siyo kufanya. Nipeleke bandani."

Banda lilikuwa refu, limesimama juu ya mteremko, mlango wake umetazama barabara ya vumbi inayoshuka hadi getini. Sakafuni kulikuwa na doa jeusi la oili, kubwa kama kitanda, ambalo kwa macho ya Sajini lilikuwa limechukua miaka mingi kufikia ukubwa ule. Kufuli halikuwa limevunjwa. Bosi alieleza kwamba banda halifungwi, na ufunguo wa lori uko mfukoni mwake hadi sasa, lakini haumsaidii mtu, kwa sababu swichi imelegea kiasi kwamba Kikohozi huwashwa hata kwa kijiko.

Sajini alisimama mbele ya ukuta wa kulia. Kulikuwa na misumari mitatu mikubwa iliyopigwa bila mpangilio, mmoja juu kabisa, mwingine chini yake kidogo, wa tatu bado unang'aa.

"Hii ya nini?"

Hapo Bosi alilegea mabega. "Ya kabari. Ni mambo ya nyumba hii. Siku unayokabidhiwa lori unapiga msumari wako, kwa kimo chako, na kila ukiondoka na lori unaitundika kabari hapo. Babu alisema kabari ikiachwa chini inapotea, na siku ukirudi bila kabari lori litakukimbia. Ule wa juu ni wa babu. Huo wa baba. Huu wangu, niliupiga baada ya mazishi." Akaugusa kwa kidole. "Unaona kama nalichukia lile lori. Silichukii. Limenichosha tu. Kila wiki kuna kitu kimekatika."

"Mzee Breki ana msumari?"

"Hapana. Yeye aliajiriwa enzi za babu, kama utingo, hakukabidhiwa. Anatumia wa baba."

"Na kabari iko wapi?"

"Mwizi kaondoka nayo. Tumeitafuta kila mahali."

Dereva alisema ameitupa chini. Huyu anasema imechukuliwa. Sajini alianza kuufuata ukuta taratibu, hatua kwa hatua, mpaka kwenye kona ambako magunia makuukuu yalikuwa yametundikwa kwenye boriti, yamejaa vumbi na utando wa buibui. Yote yalikuwa na vumbi isipokuwa moja, ambalo pembeni lilikuwa na alama ya mkono. Alilisogeza. Nyuma yake, kwenye msumari uliokuja usawa wa bega lake, kabari ilikuwa imening'inia kwa kitanzi chake cha ngozi.

Bosi alisogea karibu. "Nani ameitundika huko?"

"Msumari wa nani huu?"

"Hakuna msumari hapo. Misumari ni mitatu."

"Mimi nahesabu minne, bwana."

Sajini alitoa ufunguo wa nyumba yake, akakwangua ukuta polepole kuzunguka msumari. Juu kulikuwa na chokaa nyeupe. Chini ya chokaa kulikuwa na rangi ya buluu, na buluu hiyo ilikuwa imeupanda msumari wenyewe hadi kichwani. Alienda kukwangua msumari wa baba, akakuta hivyo hivyo. Msumari wa Bosi ulikuwa umetoboa chokaa na buluu yote pamoja. Akarudi kwenye ule wa nne, akapitisha kidole pale kitanzi kinapokaa, pakawa laini, pamesuguliwa, bila kutu.

"Hii chokaa ilipakwa lini?"

"Nilipoanza darasa la kwanza. Nakumbuka, nilichafua sare mpya nikachapwa."

"Basi msumari huu una umri karibu sawa na wako, na umekuwa ukitumika miaka yote. Ni wa mtu mfupi. Babu yako alikuwa mfupi?"

"Babu? Babu alikuwa mlingoti."

"Baba?"

"Unaona msumari wake ulipo."

"Kabla hujaanza shule, kuna wakati wowote baba yako hakuendesha lori?"

Bosi alifikiri, akaizima simu iliyokuwa ikilia. "Alivunjika paja. Alilazwa hospitali miezi minane. Mimi nilikuwa mdogo sana, nasimuliwa tu. Ndio mwaka ambao mavuno yalikuwa mengi kuliko mwaka wowote, wanasema magunia yalijaa hadi sebuleni."

"Yalifikaje sokoni?"

"Babu aliyapeleka."

"Babu mwaka huo alikuwa anaona vizuri?"

"Hapana, macho yalishakufa. Alikuwa akishikwa mko..." Aliuangalia msumari, akaangalia nje kuelekea nyumbani, akauangalia tena. "Haiwezekani," alisema.

"Mama yuko wapi saa hizi?"

"Ametoka kutembea. Daktari kasema atembee kwa ajili ya magoti. Anachukua chupa yake ya chai, anarudi saa tano."

"Kaanza lini kutembea?"

"Jumatatu."

"Na unajua kama ana habari ya Mzee Breki?"

"Nilimwambia ameenda kwao, mama yake anaumwa. Mama ana presha, Sajini. Amempoteza mumewe juzi tu. Nilikuwa namwepushia maneno."

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na Sajini sasa alijua kata ilikuwa nani. Kijana aliyeketi kando ya dereva mwaka ule, akipakia na kupakua magunia, alikuwa amekua, akazeeka, na alikuwa mahabusu na kikombe cha chai. Mkuu wa kituo alipiga simu kuuliza jalada limekamilika au bado. Sajini akamwambia bado kidogo, akakata kabla hajaulizwa kidogo kiasi gani.

"Sikiliza," alimwambia Bosi. "Jumatatu asubuhi mama alikuwepo nyumbani?"

"Saa kumi na mbili na nusu alinipa uji. Alikuwa anahema kidogo."

"Wafanyakazi waliliona lori saa ngapi mara ya mwisho?"

"Anayekamua ng'ombe alipita saa kumi na moja, lilikuwepo."

"Saa moja na nusu, kwenda kwa lori na kurudi kwa miguu yenye magoti mabaya. Hakwenda mbali. Na popote aliposimama ni lazima pawe mteremko, la sivyo asingeweza kuliwasha tena. Pawe pamefunikwa pia. Kuna nini huko bondeni?"

"Kiwanda cha mbao. Kilifungwa. Kina njia ya kuteremshia magogo..." Bosi alikuwa ameshaanza kutembea.

Kiwanda kilikuwa kilomita mbili chini, mabati yake yamefunuka nusu. Walilikuta lori ndani ya ukumbi wa magogo, juu ya njia ya kuteremshia, pua imetazama chini, mawe mawili yamebanwa kwenye magurudumu. Lilikuwa limeoshwa. Taa moja ilikuwa imefungwa kwa waya, na rangi ya kijani ilikuwa imebaki kwenye milango tu, lakini kioo kiling'aa. Bibi mmoja mfupi, kanga imekazwa kiunoni, alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mlango akisugua kioo cha pembeni.

Hakushtuka. Alimaliza kusugua kwanza.

"Shikamoo, mama," alisema Sajini.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuwa nikijiuliza mtachukua siku ngapi."

"Mama," Bosi alisema.

"Umekunywa chai? Iko hapo kwenye kiti."

Sajini alikaa juu ya gogo, akavua viatu bila kuomba ruhusa. "Mama, mimi ni polisi. Nikikuuliza, unijibu kweli. Ni wewe uliyelitoa bandani?"

"Ni mimi. Kwa kijiko cha sukari."

"Ulitaka kulificha mpaka lini?"

"Mpaka Alhamisi ipite."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa ningeifikiria nikiiona."

Bosi alishika kichwa. "Nani alikufundisha kuendesha?"

"Babu yako. Yule kipofu." Bibi alicheka kidogo kwa kukumbuka. "Baba yako amelala na mguu juu, magunia sebuleni, wewe unalia mgongoni mwangu. Mzee akanikalisha hapo ndani, akakaa pembeni, akawa anasikiliza injini. 'Sasa gia. Hapana, mwanangu, sikia inavyolalamika, rudisha.' Wiki mbili. Siku ya kwanza niliyokwenda sokoni na kurudi mzima akanipa nyundo, akaniambia piga msumari wako. Miezi ile yote nililiendesha, na Breki wakati huo kijana mwembamba ndiye utingo wangu. Mzigo haukuoza hata gunia moja."

"Baba hakusema. Hakusema hata siku moja."

"Alipotoka hospitali watu walimcheka kwamba mkewe ni dereva wa lori. Ikamuuma. Akalichukua, nikarudi jikoni, akatundika gunia mbele ya msumari. Lakini hakuung'oa. Angeweza kuung'oa, hakuung'oa." Alikunja kitambaa mara mbili, mara nne. "Na kila mwaka mzigo wa mwisho ukishatoka, jioni, mkiwa mmeshughulika na mambo yenu, alikuwa ananipa ufunguo, anakaa upande wa utingo. Tunazunguka shamba. Hakuna siku nilizompenda kama hizo."

Sajini aliitazama sakafu ili mtu asiuone uso wake. Miaka ishirini na sita ya kazi, na bado kuna siku kama hizi.

"Kwa nini hukuniambia?" Bosi aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto wa darasa la kwanza. "Ungesema neno moja tu, nisingeliuza."

"Tangu tumemzika baba yako naulizwa kama nimekula. Naulizwa kama nimelala, kama nimemeza dawa. Mnanipenda, najua. Lakini uliwauliza ndugu zako wote juu ya lori hili, ukamwuliza mpaka mnunuzi. Mimi hukuniuliza. Nikasema, kama halina mwenyewe, basi acha nami nilichukue." Kisha akamgeukia Sajini. "Ila nimekosea, najua. Nimemkuta mwanangu anaita polisi, nikaogopa kurudi nyuma. Bora Breki hayupo, angenisema."

Bosi alimtazama Sajini. Sajini hakumsaidia.

"Mama," Bosi alisema. "Mzee Breki hakwenda kwao. Yuko mahabusu tangu Jumatatu. Mimi ndiye niliyesema ni yeye. Na jana amekiri."

"Amekiri nini?"

"Kwamba kaliiba."

Bibi alishuka kwenye ngazi. Alisimama pale chini, mdogo kando ya gurudumu. "Siku tatu," alisema. "Siku tatu mimi nasugua vioo." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kitambaa chenye grisi, akajipaka uso wote. Bosi alimkumbatia, na kwa muda walikaa hivyo, kila mmoja akimwomba mwenzake msamaha kwa sauti moja mpaka hakuna aliyemsikia mwenziwe. Kisha akamsukuma mwanawe kando kwa upole.

"Mahakamani saa ngapi?"

"Saa nane," alisema Sajini.

"Toeni hayo mawe."

Sajini alipanda katikati, Bosi akapanda upande wa utingo, mahali ambapo hakuwa ameketi tangu utotoni. Bibi alisogeza mto nyuma ya mgongo wake, akachomeka kijiko, akaachia breki. Lori lilianza kuteremka kimya. Alingoja, kichwa amekiinamisha kidogo, akisikiliza, kisha akaachia klachi. Kikohozi kikakohoa mara moja, mara mbili, kikawaka. Kilomita kumi na moja hadi kituoni hakusema kitu ila kuwaambia washike vizuri kwenye kona. Alibadilisha gia bila kukwaruza hata moja, na Bosi, ambaye hukwaruza zote kila siku, aliitazama mikono ya mamake njia nzima.

Kituoni uwanja ni bapa kama sinia. Bibi hakuzima injini. Alimwita askari wa zamu, akamketisha mahali pake, akamwonyesha mguu wake ukae wapi kwenye pedali ya mafuta. "Usiutoe," alimwambia. "Ukiutoa, mtalisukuma wote humu ndani."

Mzee Breki aliletwa kaunta, akainama mlangoni, akamwona nani amesimama pale. Uso ulimshuka.

"Sajini, si nilikuomba..."

"Nyamaza, wewe," bibi alimkatiza. "Nani alikutuma?"

"Hakunituma mtu. Nilipoambiwa lori halipo na geti limefungwa vizuri nyuma yake, nikajua ni wewe. Mimi mara zote nasahau geti." Alikuna shingo. "Wewe ndiye uliyenipa kazi, nina miaka kumi na saba, sina hata viatu. Nikaona gereza nitaliweza kuliko wewe."

Bibi alimshika mkono kwa mikono yake miwili yenye grisi, hakuuachia. Bosi alisimama mbele yao. Alimwita mjomba, kama alivyomwita alipokuwa mdogo, na akaomba msamaha palepale, mbele ya askari na watu waliokuja na shida zao, bila kuangalia nani anasikia. Mzee Breki alimpigapiga begani. "Yameisha, mwanangu. Ila chai yenu ya mahabusu ni maji ya kuoshea vikombe."

Sajini alivuta fomu mpya. Mwenye lori alikuwa anaondoa malalamiko, mkuu wa kituo angegomba, naye Sajini alikuwa tayari kugombezwa. Lakini lazima maelezo yaandikwe ndipo mtu atoke. Alijaza tarehe, akajaza jina la bibi na umri wake, akafika mstari unaofuata.

"Kazi?"

Kwa miaka arobaini swali hilo lilikuwa likijibiwa na wengine, benki, hospitalini, shuleni kwa watoto, na bibi alimgeukia mwanawe kwa mazoea, akisubiri. Bosi alifungua kinywa. Nje, injini ilikuwa ikiunguruma, na askari wa zamu alikuwa ameng'ang'ania usukani kwa woga.

"Mama," alisema, "kazi yako ni nini?"

Bibi hakuwa ametarajia. Alimtazama mwanawe, akamtazama Mzee Breki, akanyoosha kanga yake.

"Dereva," alisema.

Sajini akaandika.